Chipu Yenye Dirisha na Jua la Dodoma

Vijana wangu mnaopenda kulehemu kuliko kulala, kila ninapoalikwa chuoni kwenu swali la kwanza huwa lile lile: "Mzee, nianze kujifunza familia ipi ya maikrokontrola?" Juzi aliniuliza binti mmoja anayeitwa Neema. Nikamwambia inategemea. Nikaeleza inategemea nini. Nikarudi nyuma kueleza kwa nini hilo nalo linategemea jambo jingine. Neema akaomba ruhusa, akaenda kununua maji, akarudi, akanikuta bado niko kwenye utangulizi.

Ndivyo nilivyo. Nimestaafu, lakini mpaka leo nikitoka nyumbani hurudi kuhakikisha nimefunga mlango, kisha hurudi tena kuhakikisha kwamba katika kuhakikisha sikuufungua. Kwa hiyo safari hii nimeamua kuandika. Atakayechoka akanunue maji bila kuomba ruhusa.

Kwa wale mnaoingia leo: maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyojibanza ndani ya chipu moja nyeusi yenye miguu ya chuma. Unaiandikia maagizo, unayachoma ndani yake, na kuanzia hapo inatii. Joto likizidi, inafungua tundu. Tangi likijaa, inazima pampu. Zipo za koo mbalimbali, na kila ukoo una lugha yake ya ndani. Ukijua lugha ya ukoo mmoja unaelewana na ndugu wote wa ukoo huo, lakini kwa jirani unabaki bubu. Hapo ndipo kichwa kinapouma.

Mimi nilihitimu elektroniki wakati milango ya biashara inafunguliwa na milango ya ajira inafungwa. Shirika la umma lililokuwa likituchukua vijana wa ufundi lilikuwa linapunguza watu. Nikahamia Dodoma kwa shangazi yangu, karani wa ofisi, aliyeamini kwamba makao makuu hayawezi kukosa meza moja ya mtoto wa kaka yake. Meza haikupatikana. Kilichopatikana ni benchi, kwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Majengo. Kibanda kilikuwa cha Salimu, kijana wa Kondoa aliyenizidi umri kidogo na kunizidi ujasiri mno.

Salimu akipokea redio iliyokufa hufungua kwanza, hufikiri baadaye. Mimi nilikuwa nafikiri kwanza, nafikiri tena, na redio inarudi nyumbani bila kufunguliwa. Lakini hata yeye miaka ile ilimchanganya. Zamani fundi alijua aina chache za redio, za viwanda vyetu na za wageni wachache. Sasa kila lori lililotoka Dar lilishusha aina mpya: kaseti mbili, saa ndani, rimoti, televisheni zenye sauti na zisizo na picha.

"Zamani redio ikiingia hapa naiamkia kwa jina," Salimu alikuwa akisema. "Siku hizi zinaingia kama wageni wa harusini. Kila mmoja anasema katoka upande wa bwana."

Ndani ya vifaa hivyo vipya ndimo nilimoziona kwa macho chipu nilizozisoma darasani. Nikaamua, kwa raha yangu tu na bila kutumwa na mtu, kujifunza kuzitengenezea kazi za kwetu. Na kwa sababu nilikuwa mimi, nikaanza kwa kuchagua.

Nilipasua mfuko wa saruji, nikaugeuza upande safi, nikaubandika ukutani na kuchora jedwali. Huku 8051, ukoo mkongwe wenye watengenezaji wengi na miguu arobaini. Pale PIC, ndogo, rahisi, wakati ule ndiyo kwanza tunaisikia. Kule 68HC11, yenye nguvu, iliyosifiwa na kila kitabu nilichofungua. Niliandika kasi, kumbukumbu, idadi ya maagizo. Nikafuta, nikaandika tena. Mvua zilikuja zikapita, mtama ukavunwa, mfuko wa saruji ukaongezewa mwenzake.

"Injinia," Salimu alikuwa akiniuliza kila asubuhi akipita chini ya jedwali, "posa imekwenda leo?"

"Bado nalinganisha."

"Linganisha, linganisha. Utakapooa, hao wachumba watakuwa bibi zetu."

Basi, akaja Mama Ndahani.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku, Chamwino. Mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi. Kabla ya kukaa alipangusa kiti chetu kwa upindo wa kanga, akautazama ule upindo, akaamua kusimama.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Nani hapa anajua joto?"

Salimu akaninyooshea kidole. "Huyu. Ana joto kichwani mwaka mzima."

Akatueleza. Kikundi chao kilikuwa na mashine ya mbao ya kutotolesha vifaranga, inayopashwa kwa taa ya mafuta. Ubaya wa Dodoma mnaujua: saa nane mchana bati linalia kwa joto, alfajiri unatafuta blanketi. Mtu asipokaa pale kufungua na kufunga tundu la hewa, mayai yanapikika au yanapoa. Kila mwanakikundi alikuwa ameleta mayai ya kuku wake bora. Mchana mmoja aliyekuwa zamu alikwenda kwenye msiba wa jirani, na aliporudi mayai yote yalikuwa yameiva.

"Yameiva kabisa, mwanangu. Ukiweka chumvi unakula." Hakucheka. "Wenzangu wamekubali kuchangia mayai mara moja zaidi. Yakipikika tena kikundi kimekwisha, kila mtu anachukua kuku wake na kwenda zake. Nataka kitu cha kufungua hilo tundu chenyewe."

Nilijua kinachotakiwa. Kipima joto, mota ndogo ya kusogeza kifuniko cha tundu, betri ya gari, na katikati yao maikrokontrola. Nikaanza kumweleza kwamba bado sijaamua ni ya familia gani. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akatazama mifuko ya saruji ukutani.

"Mwanangu, kuku akitaka kutaga anatafuta palipo na majani. Hatafuti godoro."

Salimu alilirudia neno hilo mwezi mzima.

Sasa vijana, sikilizeni, kwa maana hapa ndipo lilipo jibu langu kwa Neema. Usiku ule nililitazama jedwali na kuona kwamba nimeandika kila kitu kuhusu chipu na sijaandika chochote kuhusu Dodoma. Ni nani hapa anayeweza kuichoma programu? Chipu ikifa, nyingine nitaitoa wapi? Nikikwama, nitamuuliza nani? Nikaongeza safu tatu kwa maswali hayo, na jedwali lililonisumbua kwa misimu miwili likajijibu kabla chai haijapoa. Mwalimu mmoja wa shule ya ufundi pale mjini alikuwa na mashine ya kuchomea programu, na mashine ile ilizijua chipu za ukoo wa 8051 tu. Mwalimu mwenyewe aliufundisha ukoo huo. Na kwenye minada ya vifaa chakavu vya ofisi palikuwa na printa mbovu ambazo ndani yake mlikuwa na 8751, ndugu wa ukoo ule ule. Ile 68HC11 ya vitabu ilikuwa bora. Ubora wake ulikuwa mbali sana na Majengo.

Msione haya kuchagua kwa namna hiyo. Nilichagua ukoo mzee kwa sababu ulikuwa na jamaa mtaani, na najivunia uamuzi ule kuliko cheti changu.

Hiyo 8751 ina jambo lake. Mgongoni ina dirisha dogo la mviringo, na ukichungulia unaona kito kinachong'aa kama jicho la samaki. Programu ya zamani hufutwa kwa kuimulika dirishani kwa taa maalumu ya miale mikali. Taa hiyo mwalimu hakuwa nayo. Lakini Dodoma tuna jua, na kitabu kilisema jua nalo hufuta, taratibu. Tukapanda juu ya bati, tukazichomeka chipu zetu za printa kwenye kipande cha sponji, madirisha yakitazama juu.

Salimu, akihofia vumbi, akazifunika kwa kioo cha dirisha. Tukangoja, tukangoja. Mwalimu akizipima, programu ya printa bado imo. Nilitafakari hadi nikakumbuka kwamba kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya miale ile ile tunayoihitaji.

"Kwa hiyo tulikuwa tunazianika ndani ya nyumba," akasema Salimu.

"Ndiyo."

"Haya. Kitoe kioo, mimi nitapigana na vumbi." Na alipigana nalo, kila saa anapanda na kitambaa. Mara hii zikafutika, nyeupe pe.

Ukishachoma programu mpya, dirisha lazima lifunikwe lisione mwanga. Tepu nyeusi ya umeme ilikuwa inayeyuka gundi kwenye joto letu, kwa hiyo tulitumia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na juu yake plasta ya kidonda. Haikupendeza, lakini ilishika.

Tukafunga mtambo wetu kwenye ile mashine ya Chamwino. Tukaijaribu bila mayai kwa juma zima, mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka kando yake. Mchana kifuniko kilifunguka, alfajiri kikajifunga. Mama Ndahani alikuwa akija na ndoo yake ya maji kukitazama kikitembea na kurudi, na nilimwona akiinamia ndoo kuficha tabasamu. Nikarudi mjini ili kikundi kikusanye mayai.

Zikapita siku kadhaa. Asubuhi moja Mama Ndahani akaingia kibandani, kisanduku chenye bodi, kile kibao kinachobeba chipu, kimefungwa ndani ya kanga, uso umekunjwa.

"Inalia," akasema.

"Nini kinalia, mama?"

"Mashine yako! Tumeweka taa, wanawake wote wamekuja na vikapu vyao, nimebonyeza, inapiga yowe. Mtaa mzima umesikia. Unajua mke wa Chilewa amesema nini mbele ya watu? Amesema, 'Mashine inalia kabla ya vifaranga!' Mayai yako kwenye vikapu, joto hili la Oktoba, mwanangu. Yatangoja mpaka lini?"

Yai la kutotolesha halingoji sana. Likikaa nje wiki moja linaanza kuchoka, na kwenye joto mapema zaidi. Mengine yalikuwa na siku nyingi tayari.

Nikafungua kisanduku. Chipu ilikuwa inanitazama kwa lile jicho lake, wazi kabisa.

"Mama, plasta iko wapi?"

"Ile chafu? Nimeibandua. Nani anaweka plasta ya kidonda kwenye kitu cha vifaranga?"

"Halafu?"

"Halafu nini? Nimeosha trei, nimeosha sanduku, vyote nimevianika juani kuua utitiri. Na hicho kibao nimekianika. Siku zote nilizongoja mayai kilikuwa juani. Kitu cha kuku lazima kipigwe jua, hilo hata mtoto anajua."

Salimu alikaa chini, si kitini, chini kabisa, akashika tumbo. "Mama," akasema alipopata pumzi, "sisi tulihangaika na kioo na vumbi wiki nzima kumbe fundi wa kufuta yuko Chamwino!"

Sikumlaumu, na nawaomba msimlaumu. Alifanya kazi yake sawasawa kabisa. Katika ufugaji, jua ndiyo dawa ya kila chombo. Sisi tulimpelekea chombo pekee ambacho jua ni sumu yake, na maelezo tuliyompa yalihusu betri.

Lakini mbona ilipiga yowe? Hapa niruhusuni kujisifu. Chipu iliyofutika nusu haifi. Inakuwa kama mlevi; inafanya mambo, ila si yale uliyoiagiza. Ingeweza kufunga tundu mchana wa jua kali na kulishikilia hivyo hivyo. Jambo hili nililiogopa nikiwa mkekani, pamoja na mambo mengine ambayo hayakutokea kamwe, likiwemo la nyoka kuingia kwenye mota. Kwa hiyo nilikuwa nimeiagiza chipu, kila inapowashwa, kabla ya kugusa kifuniko, ijumlishe namba zote za programu yake na kulinganisha na jumla niliyoiandika mwisho. Zisipolingana isifanye kazi. Kisha nikaogopa tena: je, na agizo hilo lenyewe likifutika? Basi king'ora nikakiunganisha kinyume. Umeme ukiingia tu kinalia, na hakinyamazi mpaka chipu yenye akili timamu ikinyamazishe. Na kifuniko, kisipoamriwa, kinabaki wazi kwa springi.

Salimu alikuwa amenicheka. "Unatengeneza mashine au unatengeneza mama mkwe?" Siku ile, akiwa bado sakafuni, aliacha kucheka, akakitazama kisanduku.

"Ingenyamaza," akasema polepole, "tungepika mayai ya watu mara ya pili."

Nikatoa kopo la rangi ya viatu. Ndani yake, gizani, mlikuwa na chipu nyingine mbili zilizochomwa programu ile ile. Ndiyo, mbili. Nilihofia kwamba moja ingeweza kupata upweke.

Tulipanda basi na Mama Ndahani mchana ule ule. Wanawake walikuwa kivulini kwenye kibaraza chake na vikapu vyao, na mke wa Chilewa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa ameshika chake mkononi tayari kuondoka.

"Mbukwenyi," Mama Ndahani akawasalimu Kigogo. Wakaitika bila haraka.

"Mganga umemleta?" akauliza mke wa Chilewa.

Nikaichomoa chipu ya kwanza, nikaweka ya pili, kwa haraka kiasi kwamba mguu wake mmoja ulitaka kupinda. Nikawasha. King'ora kikapiga mara moja, kifupi, kisha kimya. Kifuniko kikajisogeza, kikajipima, kikatulia. Mama Ndahani akachukua kikapu mkononi mwa mke wa Chilewa, bila kuuliza, akaanza kupanga mayai.

Ziko siku ishirini na moja kati ya yai na kifaranga, na katika siku hizo nilikwenda Chamwino mara nyingi kuliko nauli ilivyoruhusu. Nilikuwa namkuta Mama Ndahani akigeuza mayai, nauliza joto, nauliza betri, nauliza plasta.

"Wewe," akaniambia, "unaatamia kuliko mashine. Kaa mbali, utayatia hofu."

Na ninyi msiatamie uchaguzi wenu. Miaka ya baadaye zilikuja chipu zinazofutwa kwa umeme, bila dirisha, bila jua. Unakosea, unachoma tena hapo hapo. Niliwapa kisogo ndugu zangu wa 8051 nikajifunza ukoo mwingine, kisha mwingine. Kila mara nilikuta kwamba nilichokibeba si majina ya maagizo. Ni mazoea: kuuliza kifaa kitakufa vipi, kuhakikisha kikifa kinapiga kelele, kumweleza mwenye kifaa asichotakiwa kukifanya na sababu yake. Mambo hayo hayana ukoo. Nilitengeneza vidhibiti vya pampu katika mashamba ya zabibu, nilitengeneza vya mashine za kusaga huko Kondoa kwa kina Salimu, na vyote vina damu ya ile mashine ya mayai. Leo bodi mnaziagiza kwa simu na zinafika kwa basi. Vizuri. Chukua ile ambayo mwenzako wa bweni anayo, ambayo duka la mjini linauza, ambayo mtu wa karibu anaijua na anaweza kukutoa ukikwama. Itengenezee kazi moja ambayo mtu anaihitaji kweli. Ukikosea ukoo, utahama. Kuhama ni rahisi kuliko mnavyodhani. Jedwali langu lilikuwa na kosa jingine, nalo ni kudumu mno ukutani.

Siku ya kutotoa nilifika asubuhi. Salimu naye alikuja, eti ana redio ya kurudisha Chamwino. Redio yenyewe sikuiona. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani, wameinama kwenye kidirisha cha sanduku. Mke wa Chilewa alikuwa mbele.

Yai moja lilikuwa na ufa. Ukapanuka, ukatulia. Muda ukapita. Kisha ncha ya mdomo ikatokeza, ganda likaanguka, na kikatoka kitu kilicholowa, kibaya cha sura, kinachoyumba. Kikapiga kelele. Kana kwamba kimeita, ganda la pili likapasuka, na la kando yake, na la nyuma.

"Yuko hai!" mke wa Chilewa akapaza ile sauti yake. "Jamani, wa kwangu! Namjua, kile kikapu kilikuwa changu!"

"Utamjua vipi na wewe?" wenzake wakamvamia. Mmoja akadakia, "Ana sauti yako!"

Vigelegele vikapigwa mpaka vumbi likadondoka kwenye kenchi. Mama Ndahani aliingiza mkono, akamtoa mmoja aliyekauka, akamweka kiganjani mwangu, kisha akageukia wanawake na kuwaambia kwa ukali kuwa chombo hiki kitaoshwa na yeye peke yake, na kwamba kile kijicho chake hakitaona jua tena maadamu yeye ni mwenyekiti.

Nikaona hapo ndipo mahali pa mtu aliyesoma kusema neno. Nikasafisha koo. Nikaanza kuwaeleza jinsi chipu inavyopima joto, na kwa nini nilichagua ukoo ule. Hakuna aliyenisikia. Vifaranga walikuwa wengi na walikuwa wakipiga kelele wote kwa pamoja. Nikanyamaza, nikabaki nimesimama katikati ya chumba kama mwenye nyumba, kifua mbele, mtoto wa kuku kiganjani, nikiwasikiliza.